Ngamia Aliyechongwa kwenye Ndara

Harufu ya masizi yaliyokorogwa kwa mafuta ya kupikia hunirudisha darasa la sita, mjini Garissa, kiangazi kile ambacho vumbi la soko la mifugo lilitufuata hadi ndani ya madaftari. Mwalimu wetu wa sanaa, Bi. Nduku, mwenyeji wa Kitui, alitundika ukutani picha ya kifaru mwenye mwili wa mabamba kama nguo za vita, na kipembe kidogo mgongoni. Tulicheka. Akatueleza kwamba ilikuwa kazi ya mchoraji wa Ujerumani wa karne tano zilizopita, mtoto wa sonara, aliyeanza kushika vyombo vya kuchongea katika karakana ya baba yake. Kifaru hakuwahi kumwona. Alisimuliwa, akaoneshwa pia mchoro wa mtu mwingine. "Lakini alijua nguvu ya kuchapa," Bi. Nduku alisema. "Ubao mmoja, karatasi nyingi. Picha yake ilifika asikofika yeye, na vizazi kwa vizazi vikaiamini." Kisha akatupa nyembe, tukaanza kuchonga soli za ndara kuukuu ziwe mihuri, masizi yakiwa wino wetu.

Siku hizo hizo ngamia wetu Adey akapotea. Hooyo, yaani mama, aliuza maziwa yake sokoni, na hayo ndiyo yaliyotulisha. Baba alimtafuta kandokando ya mto Tana akarudi midomo imepasuka. Nikamwambia naweza kumchonga Adey, nichape picha, madereva wa malori ya mifugo wazisambaze. Alisita, kwa kuwa nyumbani kwetu, kwa sababu ya dini, hatukuweka picha za viumbe.

"Ya kutundika, hapana," alisema mwishowe. "Ya kutafutia mali yetu, chonga."

Nilichonga kwa bidii, nikachapa, nikampelekea. Akaitazama karatasi, akatikisa kichwa. "Huyu si Adey. Sikio lake lililokatwa ni la kulia."

Nilikuwa nimesahau kwamba muhuri hugeuza kila kitu. Machozi yakanilengalenga, maana soli za kuchonga zilikuwa zimeisha. Baba akavua ndara yake mguuni, akanikabidhi. "Chonga tena, mwanangu."

Picha zilisafiri na malori, madereva wakieleza ngamia ni wa nani. Mvua ilipokaribia, mfugaji mmoja wa Ijara alifika akimkokota Adey, karatasi yetu imekunjwa mfukoni. Alitaka kumwona aliyechora; nikamwambia ni mimi, kisha Baba nami tukampeleka shuleni kwa Bi. Nduku aliyenifundisha.

"Mwalimu, mimi kusoma hapana jua," alimwambia, "lakini hii ngamia, walaahi, niliona kwa karatasi nikajua. Ilikuwa imeingia kwa ngamia yangu."

Baba alicheka kwa furaha hadi akajishika mbavu.

Leo mnyama akipotea, picha ya simu hufika Lafey, kule mpakani, kabla chai haijapoa, nami nafurahi. Hata hivyo, simu humnasa hata ngamia usiyemjua. Wembe hukulazimisha umjue kwanza, kuanzia sikio hadi kwato. Hilo ndilo ninalofundisha katika karakana yangu hapa Garissa, na wasichana wanajaa. Juzi mmoja wao alichonga Tana ilivyofurika hadi milangoni mwa watu wa mtaa wao, akaniuliza achape nakala ngapi. Nilimwambia achape mpaka kila aliyehama apate yake, na wakubwa wa serikali walio ofisini pia, wayaone mafuriko wasiyoyafikia.