Solveig Hamrin na sahihi aliyounyima mstari wa tisa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumatano. Solveig Hamrin anachomoa waya wa umeme nyuma ya kasha la chuma na kuushika mkononi. Feni zilizokuwa zikivuma zinapungua sauti, kisha zinanyamaza. Taa nne za kijani zinazimika moja baada ya nyingine.

Chumba kiko chini ya ofisi za manispaa ya Tallnäset, kaskazini mwa Uswidi. Nje ni nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Juu ya kiti kuna simu iliyowekwa kipaza sauti, na ndani yake anasikika mwanamke akikanyagakanyaga theluji ili miguu isife ganzi.

“Rahwa, upo?” anauliza Solveig.

“Nipo mlangoni kwa Halvar. Nibonyeze?”

“Bado. Ufunguo unao?”

“Uko mfukoni. Hii ni mara ya tatu unaniuliza. Ukiuliza ya nne nafungua mwenyewe, naingia kunywa kahawa ya mzee, na jaribio lako libaki hukohuko.”

Solveig ana umri wa miaka 59 na ni fundi wa mifumo wa manispaa. Kasha alilolizima limebeba nusu ya kitu ambacho wataalamu hukiita lango la API, yaani programu ambayo maombi yote ya mfumo hupitia kwanza. Nusu ya pili iko kwingine. Kinachojaribiwa asubuhi hii ni kama nusu hiyo ya pili inaweza kufanya kazi peke yake.

Manispaa ina wahudumu 64 wanaozunguka kila siku katika nyumba 212 za wazee. Kwa mfumo mpya, mhudumu anabonyeza simu yake mbele ya mlango na ombi linakwenda kwenye lango. Lango linataka kujua yeye ni nani, kama zamu ni yake, kama nyumba ni yake. Likiridhika, kufuli la mlango linafunguka na orodha ya dawa za mzee inatokea kwenye simu.

“Kabla sijagusa kompyuta nilikuwa mpokezi wa zahanati, miaka sita,” anasema Solveig. “Lango ni mpokezi tu. Ila mpokezi akiugua, wagonjwa wanakaa kwenye benchi wakilalamika. Lango likiugua, mmoja anabaki nje ya mlango na mwingine ndani.”

Hataji jambo la kufikirika. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba, Halvar Nyqvist, mwenye umri wa miaka 87, mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha mbao, alianguka kwenye korido ya nyumba yake. Rahwa Tesfay, mhudumu wake, alifika saa moja na dakika tano. Simu yake ikaonyesha nyekundu. Wakati huo hapakuwa na lango. Makufuli yote yalitegemea seva moja ya zamani, nayo ilikuwa imekwama ikijiwasha upya. Mlango ulikaa umefungwa kwa dakika 47.

“Nililala kifudifudi barazani nikaongea naye kwenye tundu la barua,” anasimulia Rahwa. “Nikamsukumia skafu yangu ajifunike. Ananiambia, ‘Siku hizi posta mnaleta na nguo?’ Mimi huku nalia, yeye kule anacheka. Skafu hajanirudishia mpaka leo. Anadai kilichopita kwenye tundu la barua ni mali ya mwenye nyumba.”

Halvar alikuwa na ufa kwenye nyonga. Alilazwa wiki tatu. Leo anatembea kwa kigari cha kujiegemeza, na alipoombwa mlango wake utumike kwa jaribio hili alikubali kabla swali halijaisha.

Baada ya tarehe hiyo manispaa ilirudi kwenye funguo za chuma na kuagiza lango. Lilipaswa kuanza kazi tarehe 1 Desemba. Aliyelichelewesha kwa wiki nane ni Solveig.

Muuzaji alikuwa ameleta karatasi ya mahitaji, kurasa mbili, mistari kumi na minne. Kila seva iwe na prosesa ya viini vinne na kumbukumbu ya gigabaiti nane. Diski iwe na nafasi ya gigabaiti mia moja. Saa za seva zote zilingane, zisipishane hata sekunde tano. Vyeti vya usalama viwe hai. Mbele ya kila mstari kuna visanduku vitatu, na watu watatu hutia herufi za majina yao kuthibitisha kwamba hitaji limetimizwa.

Mstari wa tisa unasema: seva mbili zisizotegemeana, moja ikizimika, ya pili ichukue kazi zote ndani ya sekunde kumi.

Katikati ya Novemba karatasi ilifika mezani kwa Solveig. Visanduku viwili vya kila mstari vilikuwa vimeshajazwa. Kilichobaki kilikuwa cha kwake.

“Mtu wa kwanza alitia sahihi kwa sababu mkataba ulitaja seva mbili,” anasema Torbjörn Edlund, mkuu wa kitengo na bosi wa Solveig. “Wa pili alitia kwa sababu wa kwanza ametia. Wa pili ni mimi.”

Solveig alimwomba bosi wake washuke pamoja chini. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale kwa namna moja.

“Hizo seva mbili ziko wapi?” aliuliza Solveig.

“Unazijua, si ndiyo hizi? Tjäder na Orre.”

“Nionyeshe kwa kidole, Torbjörn.”

“Kwa kidole? Mimi mtoto?”

“Nionyeshe tu.”

Torbjörn alinyoosha kidole. Kisha akanyoosha tena. Mara zote mbili kidole kilielekea kwenye kasha lilelile.

Seva za Tallnäset zina majina ya ndege wa msituni. Zilipewa zamani, kila moja ilipokuwa na kasha lake. Miaka minne iliyopita, ili kupunguza gharama ya umeme, zote zilihamishiwa ndani ya kasha moja kubwa zikawa seva pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine. Makasha yakaondoka, majina yakabaki. Kwenye orodha Tjäder ilikuwa mstari mmoja na Orre mstari mwingine, na hakuna aliyekuwa ameshuka kuhesabu nyaya.

“Nilihesabu nyaya za umeme,” anasema Solveig. “Ndege wawili, waya mmoja.”

Katika mkutano wa Alhamisi iliyofuata, penye kahawa na mikate ya mdalasini kama kila Alhamisi, alisema hatatia sahihi. Katika kitengo hiki maamuzi hupita kwa watu kunyamaza. Asiyesema kitu amekubali, na kwa kawaida hakuna anayesema. Muhtasari wa siku ile haukuandika kwamba Solveig alikataa. Uliandika kwamba “kuna swali moja lililobaki kuhusu mstari wa tisa.”

Swali hilo liliwalazimu wahudumu kubeba funguo majira yote ya baridi. Kabla ya Krismasi jina lilikuwa limeshaenea: Bi Mstari wa Tisa. Mtu alilibandika kwenye kikombe chake. Solveig hakulibandua.

Rahwa hakuwa na utani. Alimfuata kwenye chumba cha chakula akiwa na pete ya funguo shingoni.

“Kumbe ni wewe uliyetutundikia machuma haya?”

“Ni mimi.”

“Gramu mia nane na hamsini. Nimeyapima kwenye mizani ya jikoni. Na kwenye baridi hii yananing’ata vidole. Watu wanasema kila kitu kiko tayari, wewe tu umekaa nacho.”

Solveig alichukua kisahani na kuweka vikombe viwili juu yake. Akamwambia huyu ni ndege mmoja, huyu ni wa pili. Kisha akaondoa kisahani, na vikombe vyote viwili vikaondoka nacho.

“Kwa hiyo ingekuwa Septemba tena,” alisema Rahwa.

“Kwa karatasi iliyojazwa vizuri zaidi.”

Rahwa, kwa maelezo yake mwenyewe, alimjazia mwenzake kahawa. “Basi kaza uzi,” alimwambia. “Shingo yangu itavumilia.”

Kasha la pili liligharimu krona 94,000. Solveig hulipwa krona 38,400 kwa mwezi kabla ya kodi, kwa hiyo kasha ni kama mshahara wake wa miezi miwili na nusu. Liliwasili tarehe 8 Januari na kufungwa katika kituo cha zimamoto, ng’ambo ya mto, kilomita mbili kutoka lilipo la kwanza, penye njia yake ya umeme na jenereta. Wenzake walikuwa wameshalitafutia jina la ndege. Solveig alikataa. Kibandiko chake kinasomeka: Kasha la Pili, Kituo cha Zimamoto.

Hata hapo hakutia sahihi. Alitaka kuliona likifanya kazi, na si kwa mlango wa maonyesho uliofungwa ofisini. Alitaka mlango wa kweli, penye mtu ndani. Makubaliano na Torbjörn yalikuwa mafupi: mlango ukifunguka, nyumba zote 212 zinaunganishwa Jumatatu. Usipofunguka, funguo zitabaki shingoni mwa wahudumu hadi theluji iyeyuke, na Solveig ataeleza mbele ya baraza la manispaa kwa nini wiki nane hazikutosha.

“Sikulala vibaya,” anasema. “Lakini niliamka mapema kuliko ninavyotaka kukiri.”

Sasa kasha la kwanza limezimika na waya uko mkononi mwake. Torbjörn amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa ambayo hajainywa.

“Bonyeza,” anasema Solveig.

Mlangoni kwa Halvar, Rahwa anabonyeza.

“Nyekundu,” anasema Rahwa.

Torbjörn anasogea karibu. Solveig hageuki. Anatazama saa ya ukutani.

“Kasha la pili linaamka ombi la kwanza likikosa jibu. Hesabu polepole mpaka kumi, halafu bonyeza tena.”

“Solveig, nyekundu ile ile ya Septemba.”

“Najua. Wewe hesabu.”

Rahwa anahesabu kwa sauti, na nyuma ya mlango inasikika sauti ya mzee ikihesabu naye, akimtangulia kwa namba moja. Wanafika tisa. Wanafika kumi, na Rahwa anabonyeza tena. Kunasikika mlio mfupi, kisha mlio mzito wa kufuli kubwa likizunguka.

“Kijani,” anasema Rahwa. “Umefunguka! Jamani, umefunguka bila ufunguo.”

“Funga mlango, mnaniletea baridi!” anapiga kelele Halvar kutoka ndani.

“Dawa zimetokea?” anauliza Solveig.

“Zimetokea zote. Mbili za asubuhi, moja ya shinikizo la damu. Na skafu yangu naiona, ameivaa.”

Torbjörn anacheka kwa muda mrefu kuliko kichekesho kilivyostahili, halafu anakunywa kahawa yake yote kwa mara moja. Solveig anakaa chini, juu ya sanduku la karatasi, waya ukiwa bado mkononi.

“Sekunde tisa na nusu,” anasema, akisoma kwenye skrini ya kompyuta yake ndogo. “Imebaki nusu tu kufika kumi. Nitazipunguza.”

Amebakiza miaka miwili kustaafu. Anataka waya huu uchomolewe kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na uchomolewe na mtu tofauti kila mara, ili siku akiondoka pawe na watu ishirini walioushika kwa mikono yao. Torbjörn amekubali. Safari hii muhtasari utasema nani alisema nini. Solveig ameomba auandike mwenyewe.

Saa moja na dakika kumi na tisa anarudisha waya kwenye tundu lake. Feni zinaanza kuvuma na taa nne zinawaka. Anatoa karatasi ya mahitaji kwenye bahasha, anaiweka juu ya kasha, na kwenye kisanduku cha tatu cha mstari wa tisa anaandika S.H.