Mwivu, si Mwivi

Kuna wimbo mmoja wa roki ya Kifaransa ambao hapa Bukavu, nadhani, tunaupenda watu wawili: mimi na aliyeuimba. Redio hazina haja nao. Watu wanataka rumba, au nyimbo za kanisa. Wimbo huu unaanza na gitaa moja tu, polepole, kama mtu anayekufuata bila kutaka umsikie. Ngoma zinachelewa mpaka unadhani mpigaji amesahau kazi. Halafu mwanaume anaanza kuungama: anamchungulia mpenzi wake dirishani, anajua saa anayotoka, anahesabu hatua zake mpaka getini. Hajisifu. Anajionea haya, na bado anachungulia. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Ninatengeneza redio na pasi za watu sebuleni kwangu, mtaa wa Nguba, na nikionekana barabarani majirani huuliza nani amekufa. Siku moja, kwa kukosa kazi, niliutafsiri wimbo ule kwenye daftari, kwa Kiswahili safi cha shule, nijione msomi. Juu nikaandika: Mimi ni Mwivu. Kwetu neno hilo halitumiwi na mtu. Mwenye wivu sisi tunasema ana jaluzi, kwa Kifaransa chetu.

Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Kalehe. Aliliona daftari, akavaa miwani, akanisahihishia herufi moja kichwani mwake.

"Panga bintu, mutoto wangu," alimwambia mke wangu. "Tunarudia Kalehe. Bwana yako iko mwivi. Ameandika ye mwenyewe!"

"Mwivi, maman? Huyu? Hata ku duka hafikake!"

"Na hizi redio zote ni za nani? Soma: anachungulia ku dirisha, anajua saa mwenye nyumba anatoka!"

Mke wangu akasoma. Akanitazama, akazitazama pasi saba zilizokuwa mezani, na akaanza kuzihesabu. Kuhesabu kule kulinitoa jasho kuliko kelele zote za mama yake.

Sikuwa na wakili ila wimbo wenyewe. Nikaufungua kwa sauti kubwa. Mama mkwe hajui Kifaransa, lakini alisikiliza, mikono kiunoni, mpaka pale sauti ya mwanaume inapopasuka. Akakaa.

"Mwivi gani analia hivi?" alisema. "Mwivi ananyamazaka. Huyu iko na jaluzi tu."

"Njo ile nilikuwa nataka kusema, maman."

"Nyamaza, mukwe, nisikie." Wimbo ulipoisha akauliza, "Na ule bibi, alimurudilia?"

"Wimbo hausemi, maman."

"Rudisha ku mwanzo. Baba mukwe yako alinifuataka vile, mpaka ku mutoni."

Tuliusikiliza mara nne. Siku yake ilipofika alirudi Kalehe peke yake, wimbo ukiwa ndani ya simu yake. Mke wangu alipomaliza kumsindikiza alinikuta nimeinamia redio, nikapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Toka kidogo upunge hewa," akaniambia, "mwivi yangu."

Nilifika mpaka getini. Hatua kumi na mbili.