Niliandika kitabu cha imani hapa Bariadi, na aliyekisoma kweli ni mtu mmoja tu

Wakuu, salaam kwenu, wa kanisani na wa nje ya kanisa.

Nina jambo la kusimulia na sitalitia chumvi, maana lilivyo lenyewe limeshanichoma vya kutosha. Nimebadilisha majina tu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite salama.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Bariadi, na ni Mkristo wa tangu utoto.

Kanisani kwetu kila semina lazima asimame mtu aseme, "Wapendwa, Wakristo tuandike vitabu." Atalalamika kwamba tunasoma vitabu vya Wazungu vilivyotafsiriwa, vinavyomfundisha mkulima wa pamba jinsi ya kumshinda bosi mbaya ofisini. Watu wanaitikia amina, wanakunywa soda, wanatawanyika. Mwaka unaisha hakuna aliyeandika hata barua.

Tuna mzee mmoja wa kanisa, ana kichwa cha kitabu tangu nahamia hapa. Kichwa tu. Ukimuuliza kimefikia wapi anakuambia bado anasubiri kibali cha Roho. Sijui Roho ana foleni ndefu kiasi gani.

Mwingine alisema hana kipawa. Huyo huyo akishika maiki kutoa ushuhuda, mpiga kinanda anaanza kumpigia muziki wa kumshusha naye hashuki.

Basi mimi nikajiona mwanaume. Likizo moja nikajifungia, nikaandika kitabu. Kikaitwa *Mama Aliyemkatalia Mganga*.

Kisa chenyewe ni cha nyumbani kwetu, nimekisikia kwa baba na kwa wajomba miaka yote. Mama yangu alizika watoto wawili mfululizo. Wa tatu nikawa mimi, nikaugua vilevile. Wifi zake wakamjia, wakamwambia ampeleke mtoto kwa mganga, asipoteze na huyu. Mama akakataa kwa jina la Yesu, mimi nikapona. Nimekua naonyeshwa kanisani kama kikombe cha ushindi.

Nikachapisha Mwanza. Mchungaji akaandika utangulizi na kuweka picha yake, ikawa kubwa kuliko utangulizi wenyewe.

Siku ya uzinduzi Mama akaletwa kutoka Nassa, akavishwa kitenge kipya, akasimamishwa mbele. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akapunga mkono kidogo akakaa. Nikasema moyoni, tazama unyenyekevu wa mama yangu.

Wiki zilizofuata nilikula sifa hadi nikavimbiwa. Status za watu zilijaa kitabu changu kimelazwa kando ya kikombe cha chai. "Nimebarikiwa sana mtumishi." "Kitabu kimejaa upako." Mchungaji akatangaza madhabahuni kwamba amekisoma chote kwa kikao kimoja bila kunyanyuka.

Miezi minne ikapita hivyo.

Kisha nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, Kiswahili chake kimebeba Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu. Naitwa Minza, niko Kimali huku Meatu. Mwinjilisti wetu alileta vitabu vyako, nami nilipata kimoja. Nina swali la ukurasa wa thelathini na mbili."

Wakuu, ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitajia namba ya ukurasa.

"Hapo mama yako amekaa uani, wifi zake wamemzunguka. Nikihamia ukurasa unaofuata, naambiwa nipige dawa ya funza wa vitumba kabla jua halijawa kali."

Nikamwomba arudie. Akarudia pole pole, kama anayemsomea mgonjwa.

"Mwanzo nilijua ni mfano, kama ule wa mpanzi. Nikasoma kurasa zote kumi na sita natafuta maana. Ila mwishoni wanasema nivae glovu na nisile nikiwa napuliza. Hapo nikaona hapana, nimuulize mwenyewe."

Nilichomoa nakala kabatini. Kurasa za 33 hadi 48 zilikuwa kijitabu cha kilimo bora cha pamba. Pale kiwanda cha uchapaji walichanganya kazi mbili. Nikafungua boksi zima lililobaki, zote ziko hivyo. Mimi mwandishi, siku naletewa mzigo, nilinusa karatasi, nikapiga picha jalada, nikafunga boksi.

Miezi minne, nakala mia tatu mtaani, katika mkoa ambao mtoto wa darasa la pili anamjua funza wa vitumba, na hakuna Mkristo mwingine hata mmoja aliyestuka.

Nikampigia mchungaji nikamtega. Nikamuuliza sura ile inayoanzia ukurasa wa 33 aliionaje. Akavuta pumzi akasema, "Mwalimu, ile ina kina. Ile inahitaji kufunga na kuomba." Nikamshukuru nikakata simu, maana ningeendelea ningetenda dhambi.

Nikampigia Minza kumwomba radhi. Nikamwambia kurasa halisi ninazo kwenye kompyuta, nitamtumia mwinjilisti wake kwa WhatsApp ampe.

Akasema, "Mimi nataka kitu kimoja tu, mwalimu. Mama yako aliwajibu nini?"

Akanieleza kwa kifupi. Naye amezika wawili. Wa tatu ana miaka miwili, anaugua anapona, anaugua anapona. Mama mkwe na wifi zake wamekaa naye kikao, na mume wake kanyamaza tu. Hapo nikaelewa kwamba huyu dada hatafuti burudani.

Nikafungua ile faili kwa kujiamini kabisa. Wakuu, niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasugua uso.

Sura ile ilianza hivi: "Mama alisimama imara katika Bwana." Baada ya hapo ni mistari ya Biblia na mahubiri yangu, kurasa kumi na sita. Hakuna neno hata moja lililotoka kinywani mwa mama yangu. Wifi zake wanamzunguka uani, halafu mimi naingia na suti kuhubiri. Kijitabu cha pamba kilikuwa na faida kuliko hicho, angalau kinakuambia ushike nini mkononi.

Na kilichonimaliza ni kwamba sikujua jibu. Nilikuwa nimeandika kitabu kizima kuhusu mama yangu bila kumuuliza mama yangu swali hata moja. Kisa nilipewa na wanaume ambao siku ile hawakuwa uani.

Jumamosi nikapanda basi la Lamadi, nikafika Nassa. Nikamkuta Mama anaanika dagaa. Nikamsaidia kidogo, kisha nikauliza.

"Mama, wale wifi zako walipokujia mimi nikiwa mgonjwa, uliwajibu nini?"

Hakugeuka. "Sikuwajibu. Nilichukua kanga nikakubeba, tukaenda."

"Wapi?"

"Kwa mganga. Ulitaka niende wapi, na makaburi mawili yako pale nayaona nikifagia?"

Nikakaa chini. Akaendelea kutandaza dagaa.

"Alikuchanja chini ya mgongo. Huwezi kujiona huko, ndiyo maana hukuwahi kuniuliza."

Mke wangu aliwahi kuniuliza hizo alama. Nilimjibu kwa uhakika wote kwamba ni tetekuwanga.

Mama akanisimulia yote. Kwa mganga sikupona, nilizidi. Baba akaazima baiskeli tukaenda zahanati, nikachomwa sindano siku tano, homa ikashuka. Yeye akajitenga na kanisa kwa sababu ya aibu. Kisha siku moja akaenda mwenyewe kumwambia mchungaji wa wakati ule. Akawekwa benchi la nyuma na waliotengwa, bila meza ya Bwana, msimu mzima wa pamba, kuanzia kupanda hadi kuvuna. Wenzake wa kikundi cha akina mama hawakumsalimia. Ndipo akatubu mbele ya kanisa akarudishwa kundini.

"Baba yako alipokuwa anasimulia kwa watu, alianzia pale nilipotoka kanisani nimerudishwa. Miaka ikapita, ikawa sikuwahi kwenda popote."

"Mbona hukunizuia nisiandike?"

"Uliniletea kitabu kimeshachapwa, mwanangu. Ukanisimamisha mbele za watu nipunge mkono kwa uongo. Nilirudi hapa, Jumapili tatu sikuweza kwenda ibadani."

Nililia kama mtoto, na sioni haya kuliandika hilo.

Nikamweleza habari za Minza. Akanawa mikono, akaketi karibu nami.

"Huyo mwambie. Ila andika ninavyosema mimi, usimhubirie."

Nikaandika pale pale kwenye daftari, yeye anatamka mimi nafuata. Kila nilipotaka kuweka mstari wa Biblia alinitazama. Zikatoka kurasa nne.

Nilizichapa, nikapita Maswa hadi Mwanhuzi, asubuhi yake nikachukua bodaboda hadi Kimali. Minza alinikaribisha kiti nje, akaniletea maji. Mtoto alikuwa mzima siku hiyo, anafukuza kuku.

Shingoni mtoto amevaa hirizi.

Nakiri mahubiri yalinipanda kooni. Nikayameza, nikampa zile karatasi.

Alizisoma akiwa amesimama, midomo inatembea. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Kisha akauliza, "Msimu mzima? Na hakuna aliyemsalimia?"

Nikamwambia ndivyo alivyosema mwenyewe.

Akakunja karatasi vizuri, akazishika kwa mikono miwili.

"Mimi nilishaenda, mwalimu. Kabla sijakupigia simu. Tangu hapo sijaingia kanisani, najua Mungu ameshanifuta. Kitabu chako nilikisoma natafuta kama yupo aliyewahi kwenda akarudi. Kila ukurasa mama yako alikuwa amekataa."

Wakuu, hilo ndilo fundisho langu, na si tamu.

Kitabu nilichosifiwa nacho kilikuwa kinamfungia mlango mtu pekee aliyekisoma. Kingekuwa na kurasa zake zote, bila pamba wala funza, kingemfungia vizuri zaidi.

Kwa hiyo nikirudi kwenu Wakristo wenzangu wa humu: andikeni. Acheni visingizio vya kibali na kipawa, mna visa majumbani mwenu ambavyo hakuna Mzungu wa kuwaandikia. Ila kama unataka kuandika ili upigiwe vigelegele, nunua kigoma. Muulize mwenye kisa kwanza, na akikuambia kitu kinachokuaibisha, hicho usikiruke.

Mnaonisoma kimya kimya, mjitokeze. Niambieni kisa kimoja cha imani ambacho kwenu husimuliwa nusu, na ni nani nyumbani anaijua nusu nyingine. Wanaotaka kunitukana pia nafasi ipo, nimestahili.

UPDATE: Mnaouliza habari za Minza, alinipigia jana. Hirizi ya mtoto ameivua yeye mwenyewe, na amekwenda kuzungumza na mwinjilisti, wanaendelea. Nikamuuliza kama zile kurasa nne bado anazo. Akasema hapana, zimeazimwa, ziko nyumba ya tatu sasa na wa nne ameshaziulizia. Kitabu changu chenye jalada la kung'aa anacho bado. Hakuna aliyekiomba.