Mkuu wa Jela Asiye na Jela

Huku kwetu milimani Kentucky, mkuu wa jela huchaguliwa kwa kura, hata kama jela yenyewe haipo. Yetu ilifungwa baada ya paa kuoza, miaka kumi na moja sasa, na kila uchaguzi bado tunampigia kura jirani yangu Hobart Gayheart aiongoze. Msicheke, wenzangu. Kazi yake ni kuwapakia wahalifu wetu kwenye gari lake kuukuu na kuwapeleka wilaya jirani, maili hamsini na mbili, ambako tunawalipia kitanda kwa siku kama wageni wa hoteli.

Basi mwaka jana waheshimiwa wa jimbo, ambao hawajamlipia mtu hata mto wa kulalia, wakatunga sheria: atakayefanya fujo kwenye mkutano wa hadhara, hadi siku tisini ndani. Gharama wakatuachia sisi. Mkuu wetu wa wilaya, Dalton Prater, aliipigia makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Alikuwa na mtu wake wa kumnyamazisha, bibi wa miaka sabini na minne.

Huyo ni Ova Slone, shangazi wa kila mtu. Mafuriko ya Machi yalizoa kalvati la mbele ya nyumba yake, lile bomba la zege la kupitisha kijito chini ya njia. Mara tatu kwa wiki huenda kusafishwa damu, figo zimekufa, na kila mara huvuka kijito akitambaa juu ya ubao. Aliomba kalvati, akaambiwa fedha hakuna. Akaomba tena. Jumanne moja akaingia kwenye kikao cha hadhara cha wilaya na ile kengele ya kuwaitia watu chakula shambani, akaigonga mara tu Prater alipofungua mdomo.

"Shangazi, weka chini hicho kitu!"

"Nitakiweka juu ya kalvati, Dalton. Nionyeshe liko wapi."

"Hobart! Mkamate!"

"Mkuu, una hakika?"

"Sheria ni sheria!"

Hobart akamwekea mto kwenye kiti cha mbele cha gari. "Nisamehe, Shangazi."

"Kanyaga mafuta, mwanangu. Tangu niolewe sijalala mahali penye mtu wa kunipikia."

Kumbe bima ya afya ya wazee husimama mtu akiwa jela. Damu ya Shangazi ikawa ya kusafishwa kwa fedha za wilaya, na Hobart ndiye wa kumpeleka hospitali. Siku ya nne hakimu akasema Shangazi atie sahihi tu, aende nyumbani akangoje kesi. Akakataa.

"Nyumbani wapi? Kwenye ubao?"

Prater mwenyewe akaja, kofia mkononi. "Shangazi, unatufilisi."

"Mimi? Mimi nimekaa tu, nakula maharage yenu. Hayana hata chumvi."

Bwana mkubwa huyo, aliyeshindwa kununua bomba moja la zege, akafanya ujanja: mashtaka yakafutwa, bibi akatolewa nje, begi na yote. Kalvati hakuna. Hobart akamrudisha, akamshika mkono kwenye ubao, maji yakiwalowesha vifundo vya miguu.

Jumanne iliyofuata tuliingia kikaoni ishirini na watatu, kila mtu na kengele yake. Mimi, kwa kukosa kengele, nilikuwa na sufuria na mwiko. Prater akapiga kelele kutushinda.

"Hobart! Wote! Kamata wote!"

Hobart, mtu ambaye hata kanisani huimba kwa kunong'ona, akasimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Mkuu, gari langu linabeba wanne. Nianze na yupi? Shangazi ni wa figo. Huyu ana sukari. Yule binti mimba yake ni ya miezi minane, akijifungulia huko gharama ni juu yetu. Nikamate tu?"

Kabla ya saa sita mchana fedha za kalvati zikaonekana, zile zile zilizokuwa hazionekani tangu Machi.

Kalvati lilipowekwa, gari la kwanza kuvuka lilikuwa la Hobart. Prater naye alikuja kusimika kibao chenye jina lake, herufi kubwa, nguzo mbili za chuma imara. Shangazi Ova amefunga kamba kati ya nguzo hizo, na ndipo anapoanika matambara yake ya jikoni.