Damu Ambayo Hatukuipima

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, hospitali ya Amu, niliingia na koti jeupe lililopigwa pasi na shahada ya famasia ambayo mama alikwishaionyesha mtaa mzima. Mfamasia Mkuu, mzee wa maneno machache, alinitazama akasema, "Bwana, hapa twajuana sote. Dawa utazisoma mabukuni. Kwangu soma kufunga kanwa." Nililihitimu somo hilo kuliko yote ya chuo kikuu.

Nikapelekwa zahanati ya Kizingitini, miaka ikapita, nikarudi Amu na cheo na kitambi. Kufikia hapo dawa lengwa za saratani ya tezi dume zilikuwa zimefika Mombasa. Sindano za zamani hupunguza homoni za kiume, saratani ikalala, kisha huamka. Hizi mpya, za vidonge, huziandama seli zenye kasoro maalumu, mara nyingi ya kurithi. Lakini sharti damu ipimwe kwanza.

Maalim Athman, aliyenifunza alifu kwa fimbo, alikuja na barua ya daktari wa Mombasa. Sindano zilikuwa zimemshinda. Nikamweleza kipimo.

"Wataka kusema damu ya nyumba yetu ina ila?"

"Huenda, Maalim."

"Nina wana wawili wa kike hawayaolewa. Nani atawaposa?" Akaikunja barua. "Waambie ni mkojo. Nisitiri, mwanangu."

Nikamsitiri. Niliwaeleza wanawe maradhi ya mkojo kwa ufasaha wa msomi, nikajiona muungwana. Alikufa akilia mifupa. Hakuna aliyeniuliza mkojo umefikaje mifupani.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, binti mkubwa wa Maalim, Bi Khadija, alisimama dirishani. Saratani ya titi, imekwisha kuenea. Yeye damu ilipimwa, kasoro ya kurithi ikaonekana. Cheti chake kilitaja kidonge kile kile ambacho babake hakukipata. Fomu iliuliza nani katika ukoo aliwahi kuugua saratani.

"Andika hakuna," akasema.

"Babako, Bi Khadija."

"Baba alikufa na mkojo. Si wewe uliyetwambia?"

Nikamweleza yote, foleni ikikohoa nyuma yake. Hakunitukana, heri angalinitukana. "Ningalijua," akasema, "ningalipimwa ningali mzima."

Kidonge kilimwongezea muda, hakikumponya. Kabla ya kufa aliniachia kazi moja: mdogo wake, Zuhura, akapimwe.

Sasa nimestaafu, na vijana wa famasia hunisifu kwa kutunza siri. Juzi nilikwenda kwa Zuhura. Mumewe alinipokea barazani, akasikiliza hadi mwisho. Wana watoto watatu, wote wa kike. Akanimiminia kahawa.

"Bwana Famau," akasema, "haya Zuhura asiyasikie. Wewe ni mtu wa sitara. Mji mzima wakujua."