Choo cha Serikali na Kabuti la Baba Mkwe

Mimi ndiye niliyechimba choo kilichoshika nafasi ya kwanza Tarime nzima.

Haya, si Tarime nzima. Ni upande wetu wa Nyamisangura tu. Na kilishika nafasi ya kwanza kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kukitumia.

Msicheke bado.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Serikali ya wakati ule ilikuwa imeshikwa na homa ya usafi. Leo baraza la kuogesha ng'ombe, kesho baraza la kuchemsha maji, keshokutwa anakuja mtu na filimbi kuwafundisha wanawake kufua nepi. Unatoka shambani mgongo unawaka moto, unaitwa barazani kuelezwa namna ya kupumzika.

Ndipo likaja la vyoo.

Kila mji uwe na choo. Na mji wenye choo kisafi kuliko vyote utapewa zawadi Siku ya Usafi, pale Bomani. Zawadi yenyewe kabuti. Lile koti refu zito la askari, la vifungo vya shaba.

Baba mkwe wangu, mzee Wangwe, aliposikia neno kabuti alisimama kabla jumbe hajamaliza kusema.

Mume wangu Matiko alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai. Kwa hiyo jembe likaniangukia mimi, na mimba yangu. Mama mkwe, Ghati, alikuwa akivuta udongo kwa kikapu. Mzee alikaa kwenye kigoda, akitushauri.

"Chimbeni kwenda chini," akasema.

"Kwani tulikuwa tunakwenda juu?" mama mkwe akamjibu.

Tukamaliza. Nikasiliba kuta kwa udongo na samadi, nikaezeka nyasi, nikafunga mlango wa mabua. Moyoni nikasema, Mokami, umepona.

Maana vichakani kwetu kulikuwa mbali. Ushuke shamba la wimbi, uvuke kijito, upande ng'ambo. Na ile mvua ya masika, na tumbo lile! Nilichoka hadi nikaona kivuli changu nacho kinatafuta pa kukaa.

Nikashika mlango wa choo nilichokichimba mwenyewe.

"Ghati!" mzee akapiga kelele kutoka nyumbani kwake. "Mwambie mkamwana wako asiguse hapo! Hicho ni choo cha serikali!"

Niwaeleze nyie wa siku hizi. Kwetu Wakurya, baba mkwe na mkamwana, mke wa mwanawe, hawachangii pa kwenda haja. Hata njia ya kwendea hawakutani. Ni mwiko mkubwa, wa kuchinja mbuzi kutakasa mji, na aibu yake haichinjiki.

Serikali ilisema choo kimoja kila mji. Haikusema cha nani. Mzee akikitumia, mimi marufuku. Mimi nikikitumia, yeye marufuku. Mzee akafikiri sana, akapata jibu: asikitumie mtu yeyote.

"Mama, nenda umwambie tumbo limekuwa zito," nikamnong'oneza mama mkwe.

Akaenda. Akarudi.

"Amesema kabuti ni zito zaidi."

Basi. Kila asubuhi nikawa nafagia choo nisichokitumia, namwaga majivu kwenye tundu lisilo na kitu, halafu nashika njia ya vichakani.

Siku moja nikateleza pale kijitoni. Nikaanguka kwa ubavu. Nikalala kwenye tope, mkono tumboni, nasikiliza kama mtoto bado anacheza.

Kimya.

Bado kimya.

Alipopiga teke nililia kama mtoto mwenyewe. Kisha nikainuka nikaendelea, maana haja niliyoifuata ilikuwa bado.

Wakaguzi wakaja. Bwana Afya wetu aliitwa Hezekia, mgeni, mtu wa Bukoba, kaptula yake imepigwa pasi hadi ungeweza kukatia mboga. Akaingia chooni. Akakaa humo muda. Akatoka macho yanang'aa.

"Hata inzi mmoja! Mzee, mnafanyaje nyie?"

"Nidhamu," mzee Wangwe akasema.

Mama mkwe akaanza kukohoa, ikabidi aondoke.

Siku ya Usafi, Bomani pakajaa. Ngoma, zeze letu la litungu, watoto wa misheni wanaimba wimbo wa sabuni. Mimi nilikuwa nimekaa chini nimenyoosha miguu iliyovimba, sina hamu na sabuni wala wimbo. Nilijua mzee akishinda mwaka huu atataka kushinda na mwaka ujao. Nitashuka kile kijito hadi nizeeke.

Akashinda.

Wakamvika kabuti. Jua la saa nane, jasho linamtiririka, lakini kifungo hata kimoja hakufungua.

"Sasa mzee," Bwana Afya akamwambia, "wafundishe wenzako. Choo chako kinatumika?"

"Kila siku!"

"Nani na nani?"

Kabuti lilikuwa limeshampanda kichwani.

"Mji mzima! Mimi, mke wangu, mkamwana wangu, wote tunaingia humo humo!"

Litungu likanyamaza.

Wanawake wakajiziba midomo kwa khanga. Mzee Magige, mkubwa wa wazee wa ukoo wetu, akajiinua polepole kwa fimbo yake.

"Wangwe, mura, kijana wangu. Hebu rudia. Wewe na mkamwana wako, tundu moja?"

Nikaona baba mkwe amenaswa. Akisema ndiyo, amevunja mwiko mbele ya koo zote. Akisema hakuna anayeingia mle, kabuti linavuliwa pale pale. Akamtazama Magige, akamtazama Hezekia, akajitazama vifungo.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema. "Choo ni cha wanawake. Cha mkamwana hasa. Mimi? Mimi hata ndani sijui kukoje. Mimi ni mtu wa vichakani."

"Tumesikia wote," Magige akasema. "Ni cha mkamwana. Usikisogelee tena."

"Nikisogelee nikatafute nini?"

Bwana Afya hakuelewa kitu. Akapiga makofi.

Nami nikainuka, na miguu yangu ile, nikaenda nyumbani moja kwa moja. Nikaingia chooni, nikavuta mlango wa mabua. Sikuwa na haraka. Mama mkwe akaniita kula, nikamwambia mama, niache kwanza, leo ndiyo napumzika. Mwanangu Robi akazaliwa salama, na kijito sikukivuka tena.

Funzo nalitoa hapa hapa, kwa sababu mbele heshima inapungua: mtu akisema uongo juu yako mbele ya watu, usihangaike kumsahihisha. Mwache akae ndani ya uongo wake. Wewe angalia tu kama humo hakuna kitu cha kukufaa.

Na mzee alikaa humo vizuri. Kila alfajiri alishuka vichakani na kabuti lake, akisalimia watu kwa sauti ili waone anakokwenda.

Mpaka mchana mmoja. Alikuwa ametoka kula nyama ya jirani yetu Mseti, nyama ambayo hata mbwa waliinusa mara mbili. Mvua ya mawe ikashuka. Mimi na mama mkwe tukajifunika magunia, tukakimbilia chooni.

Mlango umefungwa kwa ndani. Mtu anaguna.

"Nani humo?" nikauliza.

Ikatoka sauti nyembamba, ya kike, ya kujikamua:

"Ni mimi Ghati, mwanangu."

Mama mkwe akasogeza gunia, akaweka mdomo kwenye mabua.

"Basi na mimi huku nje ni nani?"