Tunasubiri Gari Nakapanya

Mimi ni fundi cherehani, na kwenye ngumi niliingia kwa sababu ya bukta. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike, alipoanza kupigana ngumi za kulipwa, hakukuwa na duka hapa Songea lenye bukta ya kumkaa vizuri. Nikamshonea moja ya satini nyekundu pale kibarazani kwangu Majengo, kisha nikaenda ukumbini kuona kazi yangu ikipigana. Raundi ya pili mpira wa kiunoni ukalegea. Nikapanda kwenye kona na sindano mdomoni, na kwenye kona ile nikabaki miaka kumi na moja.

Watu hudhani kazi ya mtu wa kona ni maji na taulo. Hayo ni mambo madogo. Kazi yenyewe ni kumtazama mtu wako machoni katika ile dakika moja anayokaa kwenye kigoda, na kujua kama akili yake bado ipo. Kocha wetu, ambaye sasa ni marehemu, alitufundisha kuuliza swali jepesi. Raundi ya ngapi? Tupo wapi? Akijibu sawasawa, mrudishe. Akibabaika, rusha taulo na msijadiliane. Mimi nilichagua "tupo wapi", kwa kuwa raundi hata mimi zilikuwa zinanichanganya.

Safari yetu ya kwanza ya kwenda kupigana mbali ilikuwa ya Mtwara. Enzi hizo barabara ya Tunduru ilikuwa tope tupu wakati wa masika, na basi letu lilikatika ekseli kwenye kijiji cha Nakapanya. Tulikaa pale siku mbili. Tulikula mihogo ya kuchoma na korosho, na shemeji akawa anaruka kamba mbele ya vibanda ili mwili usilale, akina mama wauza mihogo wakimshangilia utadhani pambano lenyewe ni pale. Mtwara hatukufika. Pambano lake lililofuata lilikuwa hapa hapa nyumbani, na raundi ya kwanza ilipokwisha nikamwinamia na swali langu.

"Tupo wapi?"

Akatema kinga ya meno mkononi mwangu. "Nakapanya, shemeji. Tunasubiri gari."

Nilicheka hadi nikamwagia maji yaliyokuwa ya kunywa. Tangu siku hiyo hakuwahi kunijibu vingine. Kwangu jibu lile lilikuwa na maana moja tu: mtu anayeweza kunitania akiwa anavuja damu puani, huyo ni mzima. Wapenda ngumi wote wa mji walilijua. Walimwita barabarani, "Bondia, upo wapi?" na yeye akiwa juu ya baiskeli anajibu, "Nakapanya!" Sisi Wangoni kwa utani hatujambo, hata msibani tunataniana, na mtu akishapata utani wake hatumwachii.

Sasa ana miaka hamsini na mbili na anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga huko Ruhuwiko. Ulimi umekuwa mzito. Anatembea ametanua miguu, kama mtu aliyeko kwenye boti. Anaweza kusaga debe la mahindi la mama mmoja na kumkabidhi unga mama mwingine, halafu akawakasirikia wote wawili. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika, watu wanamwona anavyoyumba na wanamaliza maneno: bondia kapiga ulanzi. Wazee wa jumuiya walifika kwake kumshauri juu ya pombe. Aliwasikiliza kwa adabu zote, akawashukuru, akawakaribisha chai. Mtu huyu hajawahi kunywa ulanzi, wala komoni, wala pombe yoyote tangu nimfahamu, na mkewe, kwa jinsi maneno yalivyozidi, alifikia hatua ya kunusa vikombe.

Mimi nilijua si ulanzi. Nilinyamaza, nikaacha ulanzi ubebe lawama.

Mwaka huu yakatangazwa mapambano ya maveterani, raundi nne nne, Jumapili mchana baada ya misa. Shemeji akaandikisha jina kabla sijapata habari. Akaning'iniza gunia la pumba nyuma ya mashine na kuanza kulipiga. Mdogo wangu akaja dukani kwangu akiwa na kanga yake ya kanisani, akasimama tu, asikae.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sikai. Mwambie asipande ulingoni. Mimi hanisikii, watoto hawasikii, hata padri alipomwambia, alimjibu kwa utani. Wewe ndiye anayekusikia."

"Nitamwambia."

"Kaka, wakimpiga tena kichwani, nitabaki na mtu gani mle ndani?"

Nikarudia kwamba nitamwambia. Sikumwambia. Kumkataza ilikuwa lazima nimpe sababu, na sababu niliyokuwa nayo ilikuwa inanifunga mimi mwenyewe. Nina hasira na yule mtu niliyekuwa wiki ile, maana shemeji alipoleta kitambaa, nilimpima kiuno, nikamshonea bukta nyingine nyekundu. Na mpira wa kiunoni niliushona mara mbili.

Sababu yenyewe ni hii. Pambano lake kubwa kuliko yote lilikuwa la kugombea mkanda, hapa Songea, raundi nane. Mkanda ule anao, umetundikwa ukutani sebuleni kwake, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Raundi ya tano alipigwa ngumi ya kushoto nyuma kidogo ya sikio. Hakuanguka. Ukumbi mzima haukuona kitu. Kengele ikalia, akaja mwenyewe kwenye kona, akakaa kwenye kigoda mwenyewe.

"Tupo wapi?"

"Nakapanya. Tunasubiri gari."

Nikaanza kucheka kama kawaida yangu. Ndipo akatazama juu ya bega langu, si mimi, bali nyuma yangu, akanyoosha shingo kama mtu anayechungulia barabara.

"Limekuja?" akaniuliza.

Utani wetu haukuwa na swali. Ulikuwa na jibu tu, jibu lile lile, miaka yote. Nikaacha kucheka. Taulo lilikuwa begani kwangu, na mkono wangu ulishalishika. Nikatazama upande wa pili, nikamwona mpinzani jicho moja limevimba hadi limefumba, anahema kwa mdomo. Tulikuwa tunaongoza. Watu walikuwa wanaimba jina la mtaa wetu.

"Linakuja," nikamwambia. "Kapigane kwanza."

Akaenda, akapigana. Alipiga na akapigwa sana, na akashinda kwa pointi, watu wakambeba hadi nje. Siku ya pili yake alikuwa hakumbuki kitu chochote kuanzia raundi ile, na sisi wote tukalichukua hilo nalo kuwa jambo la kuchekesha.

Jumamosi, siku moja kabla ya mapambano ya maveterani, ilikuwa ya kupima uzito na afya. Tulikutana asubuhi kwenye darasa moja la shule, madawati yamesukumwa ukutani, mzani umewekwa chini ya ubao. Wakongwe wote walikuwepo wamevua mashati, vitambi nje, wanataniana. Daktari alikuwa dada mmoja kijana aliyehamia kutoka Tanga, bado mgeni wa mji na wa baridi yetu, ana sweta chini ya koti jeupe. "Shikamooni, wazee wangu," alisema, na kazi ikaanza. Alipima presha, akamulika macho, akasikiliza vifua. Shemeji alipofika mbele yake aliketi wima kabisa, mikono juu ya magoti. Nilielewa kwamba anaificha isitetemeke.

"Mzee wangu, tupo wapi hapa?" daktari akamuuliza.

"Nakapanya," akasema shemeji. "Tunasubiri gari."

Darasa zima likalipuka kwa vicheko. Wengine walipiga madawati. Daktari akashtuka, akawatazama, na mkongwe mmoja akamweleza kwamba huo ni utani wa huyu bwana, wa miaka na miaka, mji mzima unaujua, na huyu hana shida yoyote, Inshallah kesho atapiga mtu. Daktari naye akacheka. Akainamisha kichwa kwenye fomu yake, kalamu ikiwa mkononi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya daktari, kwa hiyo nilimwona shemeji usoni. Hakucheka. Alikuwa anachungulia mlangoni, shingo ameinyoosha vile vile.

"Daktari," nikasema. "Hatanii."

Wengi hawakusikia. Nikarudia kwa sauti ambayo sikuitegemea. "Hatanii! Muulize leo ni siku gani. Muulize mji huu unaitwaje."

Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Daktari akaweka kalamu chini na kumuuliza polepole, kwa heshima. Siku, akasema Jumatano. Daktari akamtajia maneno matatu, kikombe, ndizi na barabara, akamwomba ayarudie baada ya kuongea mambo mengine kidogo. Aliikumbuka barabara tu. Daktari akasema hawezi kumruhusu apande, na kwamba Jumatatu aletwe hospitali, aletwe na mtu wa karibu. Nani wa karibu? Wote wakanitazama mimi.

Shemeji alivaa shati, vifungo akavikosea. Alipofika mbele yangu akasimama. Macho yake wakati ule yalikuwa hapa hapa Songea, hayakuwa mahali pengine popote.

"Shemeji," akasema, "miaka yote unanipandisha. Leo ndiyo unanishusha, mbele za watu?"

Nilichukua begi lake na tukatoka. Tulitembea kwa miguu hadi Ruhuwiko, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika kwenye mteremko nikamshika kiwiko, akakubali kushikwa. Bukta mpya ilikuwa ndani ya begi. Niliona aibu kubeba lile begi kuliko nilivyowahi kuona aibu kwa kitu chochote.

Mdogo wangu alikuwa anapepeta mahindi uani. Alimwona mumewe karudi mapema mno, shati limepinda, akaelewa kwamba kesho hapandi, na nikaona mabega yake yanashuka. Akaniwekea kiti sebuleni, akanipa chai. "Asante, kaka," akasema. "Mungu akubariki." Shukrani ile ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia yote, kigoda, raundi ya tano, shingo, swali, na maneno niliyomjibu mumewe. Nilimwambia huku nikitazama kikombe.

Akaketi kwenye kochi mbele yangu.

"Zilikuwa raundi nane," akasema.

"Nane."

"Akakuuliza hilo ya tano."

"Ya tano."

Akahesabu kwa vidole, kwa sauti ndogo, sita, saba, nane, akabaki anavitazama vile vidole vitatu. Kisha akapanda juu ya kochi, akautoa mkanda ukutani, akaukunja na kuuweka ndani ya sanduku, chini ya vitenge. Pale ulipokuwa pakabaki alama nyeupe.

Nje, shemeji alikuwa ameketi kwenye ngazi akitazama barabara. Sauti yake ikaingia ndani, nzito, ya upole.

"Shemeji! Limekuja?"

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akainua mkono kunizuia.

"Wewe usimjibu," akasema.

Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka kwenda kumjibu mwenyewe, na mimi nikabaki pale kitini na chai yangu.